Namna ya kumkinga mtoto na kaswende angali tumboni

Kinachotakiwa ni tone moja la damu ya kidole na dakika 20 za kukaa kwenye benchi. Naanza na hilo kwa sababu katika miaka 27 ya kazi yangu ya uuguzi na ukunga, mingi nikiwa kwenye zahanati za kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, wanawake wengi waliokwepa kipimo cha kaswende walidhani ni shughuli kubwa: kuvuliwa nguo, kuchunguzwa, kuulizwa mbele za watu umelala na nani. Hakuna hata kimoja. Unatobolewa kidole kama unavyopimwa malaria, unasubiri, unapewa jibu.

Nimestaafu sasa, lakini mabinti wa majirani bado wananifuata nyumbani na kadi zao za kliniki mkononi. "Bibi nesi, hapa wameandika nini?" Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia pale kibarazani.

Mwaka wangu wa pili kazini alikuja mama mwenye mimba ya nne. Hakuwa na mtoto hata mmoja aliye hai. Mimba ya kwanza ilitoka na miezi mitano, ya pili na ya tatu watoto walizaliwa wafu. Alifika usiku akiwa na uchungu. Kadi yake ilionyesha amehudhuria kliniki mara tatu, na kwenye mstari wa kaswende pameandikwa kwa kalamu nyekundu: hakuna vitendanishi, yaani vifaa vya kupimia vimekwisha. Mtoto wa nne naye alitoka hana uhai, ngozi inavuka kwenye vidole vyangu, kondo la nyuma limepauka na ni zito kuliko kawaida. Mama mkwe wake alikaa nje kwenye ngazi akisema mkamwana wake amechezewa. Vitendanishi vikafika wiki hiyohiyo. Tulimwita akarudi, tukampima yeye na mumewe, na wote wawili walikuwa na kaswende. Tuliwachoma sindano wiki tatu mfululizo. Mimba ya tano alijifungua mtoto wa kike wa kilo 3.1, akalia mpaka wodi nzima ikaamka.

Watoto wanne walikwenda kwa kukosa dawa ambayo ilikuwa kabatini kwetu muda wote. Ndiyo sababu sinyamazi.

Huyu mdudu ni wa namna gani

Bakteria wa kaswende anaitwa Treponema pallidum. Ni mwembamba sana, amejizungusha kama skrubu ya kufungulia chupa, na hadubini ya kawaida ya maabara haimwoni. Walimwona kwa mara ya kwanza Wajerumani wawili, Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann, mjini Berlin mwaka 1905. Nje ya mwili hadumu. Akikauka amekufa. Kwa hiyo wale wanaosema wameupata chooni au kwenye taulo la kaka yao, hapana. Anapita kwa kugusana ngozi laini yenye kidonda wakati wa kujamiiana, iwe ukeni, mdomoni au njia ya nyuma, na anapita kwa damu ya mama kwenda kwa mtoto kupitia kondo.

Jambo moja kuhusu huyu mdudu lishike, maana ndilo linaloeleza mambo yote ya matibabu: ni mzito wa kuzaana. Bakteria wengi wanaweza kujigawa ndani ya saa moja au chini yake. Yeye anachukua kama saa 30 na zaidi kujigawa mara moja tu. Dawa inayokuja ikaondoka mwilini kwa siku moja inamkuta amelala. Inatakiwa dawa itakayokaa kwenye damu siku nyingi, ikimsubiri.

Wazee wetu walimwita sekeneko. Wengine walisema ni tego, mume kamtega mkewe kwa dawa ili atakayemgusa aoze. Siwacheki wazee. Waliona kidonda kinatokea baada ya tendo, kinapona chenyewe, kisha miaka inapita mtu anapata wazimu au anapofuka, na wanawe wanazaliwa wafu. Waliona sawasawa, ila sababu ndiyo hawakuijua.

Usisubiri dalili

Kisonono humtangaza mwenyewe: mwanamume anakojoa huku anauma meno, usaha unachafua nguo, siku ya tatu yuko kwa daktari. Pangusa, kidonda kingine cha sehemu za siri, inauma, na mtoki unavimba kwenye kinena mpaka mtu anachechemea. Kaswende haina kelele hizo. Kati ya siku 10 na 90 baada ya kuambukizwa, mara nyingi kama wiki tatu, kinatokea kidonda kimoja, kigumu kingoni ukikibonyeza kama kifungo cha koti, kisafi ndani, na hakiumi. Mwanamume anaweza kukiona. Mwanamke kinajificha ukeni au kwenye mlango wa kizazi, hajui kabisa. Baada ya wiki tatu hadi sita kinapona chenyewe, uwe umetumia dawa au hukutumia.

Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Amekunywa vidonge viwili vya mabaki alivyopewa na rafiki, kidonda kimekauka, anaona vidonge vimefanya kazi. Mdudu ameshaingia kwenye damu.

Wiki au miezi michache baadaye unaweza kutokea upele usiowasha. Kwenye vitabu vya Ulaya wanauchora mwekundu. Kwenye ngozi zetu unakuwa wa hudhurungi au mweusi zaidi ya ngozi, na mahali pa kuutafuta ni viganja vya mikono na nyayo, kwa sababu magonjwa machache sana ya upele hufika huko. Nywele zinaweza kunyonyoka kwa mabaka, vinyama laini vyenye unyevu vikaota sehemu za siri, homa ndogondogo zikaja na kwenda. Nayo hayo yanapita. Kisha kimya cha miaka. Kwa baadhi ya watu, miaka 10 hadi 30 baadaye, kaswende inazuka kwenye moyo, mishipa mikubwa na ubongo. Macho na masikio mdudu anaweza kuyashambulia wakati wowote. Ukiwa na kaswende halafu ukaanza kuona ukungu au sikio kuziba ghafla, usingoje tarehe yako ya kliniki, nenda siku hiyohiyo.

Mjamzito aliye kwenye kimya hicho hana kinachomwuma. Anapika, analima, anauza dagaa. Mtoto ndiye anayeumia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 peke yake kaswende ya mama ilisababisha mimba 143,000 hivi kuharibika au watoto kuzaliwa wafu, na vichanga 61,000 kufariki. Na hapa kwetu Mwanza watafiti walifuatilia jambo hili, wakatoa matokeo mwaka 2002: kati ya wanawake wenye kaswende yenye nguvu ambao hawakutibiwa, mmoja katika kila wanne alizaa mtoto mfu. Waliotibiwa kwa sindano moja tu ya penisilini, mimba zao zilikwenda kama za wanawake wasio na kaswende kabisa. Sindano moja. Nilipoyasoma matokeo hayo nilimkumbuka yule mama wa mimba ya nne, nikaweka karatasi chini.

Siku ya kliniki

Nenda mapema. Najua desturi, mimba haitangazwi mpaka ionekane, wengine wanaogopa macho ya watu. Lakini kliniki si mkutano wa hadhara. Ukikosa siku zako na kipimo cha mkojo kikasema ndiyo, nenda kabla ya wiki ya 12. Mdudu anaweza kumfikia mtoto katika umri wowote wa mimba, na kila wiki anayokaa bila dawa ni wiki ya hatari.

Ukifika, utapewa kadi ya wajawazito, ile RCH 4. Uliza kwa sauti ya kawaida: "Nesi, naomba na kipimo cha kaswende leo." Vituo vingi sasa vina kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende, kifaa kimoja kidogo cha plastiki. Wanatoboa kidole, wanaweka tone la damu na matone ya majimaji yake, wanaangalia mistari baada ya dakika 15 hadi 20. Usiondoke kabla ya jibu. "Njoo kesho uchukue majibu" imetupotezea akina mama wengi, maana kesho ni siku ya gulio, keshokutwa mtoto anaumwa, na nauli ya pikipiki haipatikani mara mbili.

Wakikwambia vitendanishi vimekwisha, usikubali yaishie hapo. Uliza kituo kipi cha jirani kinavyo, omba rufaa iandikwe kwenye kadi, na uende wiki hiyo. Naomba sana jambo hili. Kalamu nyekundu kwenye mstari ule si jibu.

Kama kipimo cha kwanza hakikuonyesha kitu, rudia miezi mitatu ya mwisho. Damu huchukua wiki kadhaa tangu maambukizi mpaka kipimo kione, na mtu anaweza pia kuambukizwa katikati ya mimba. Kaswende iliyoingia mimba ikiwa na miezi sita ni changa na kali, na ndiyo inayomfikia mtoto kwa urahisi kuliko zote.

Jibu likiwa ndiyo

Kipimo cha haraka kinatafuta askari ambao mwili uliwaandaa dhidi ya mdudu. Askari hao wakishaandaliwa, kwa watu wengi hawaondoki maisha yote. Kwa hiyo mstari ukitokea, unaweza kuwa na kaswende sasa hivi, au uliwahi kuugua ukatibiwa zamani. Kama uliwahi kutibiwa, sema, na onyesha kadi ya zamani kama unayo. Palipo na maabara watakupima kipimo kingine kinachoitwa RPR au VDRL, ambacho hutoa namba kama 1:8 au 1:32. Namba kubwa ina maana ugonjwa una nguvu. Iandike mahali, maana baada ya matibabu tutataka kuiona ikishuka: kutoka 1:32 hadi 1:8 au chini yake ndani ya miezi 6 hadi 12 ni dalili kwamba dawa imefanya kazi.

Kama RPR haipo hapo na huna uhakika wa matibabu ya zamani, mjamzito anachomwa sindano siku hiyohiyo. Hatusubiri. Penisilini aliyochomwa mtu asiyeihitaji ni maumivu ya matako siku mbili. Penisilini aliyokosa mtu anayeihitaji, nimekwisha kueleza.

(Kando kidogo: bibi wa miaka 80 akipimwa akaonekana na mstari, msimvunjie heshima. Buba, ugonjwa wa ngozi uliokuwa ukiwapata watoto vijijini, unaletwa na ndugu wa karibu kabisa wa mdudu huyu, na kipimo hakiwatofautishi. Kati ya 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walizunguka nchi 46 wakiwachoma watu kama milioni 50 penisilini ili kuiondoa buba na ndugu zake. Wengi wa wazee wetu waliipata utotoni wakicheza uchi mtoni. Hakuna zinaa hapo.)

Sindano

Dawa ni benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4. Sisi wauguzi wa zamani tumezoea kuiita Penadur. Ni unga mweupe kwenye kichupa. Unachanganywa na maji ya sindano, unatikiswa mpaka unakuwa kama maziwa. Ni nzito, inaziba sindano nyembamba, kwa hiyo usishangae kuona sindano nene. Mara nyingi inagawanywa nusu kwa nusu, tako la kulia na la kushoto, ndani kabisa ya msuli. Inauma. Sitakudanganya. Nesi anaweza kuichanganya na dawa ya ganzi, lignokaini, ikapunguza ukali, unaruhusiwa kuomba. Mimi nilikuwa nawaambia walale kifudifudi au ubavu kama tumbo ni kubwa, walegeze mguu, wakunje vidole vya mguu kwa ndani. Nikisukuma polepole, hata kama mstari nje ni mrefu. Ukiharakisha dawa hii unamtesa mtu na atakosa kurudi.

Ukiwa na kaswende ya chini ya miaka miwili, dozi ni mara moja. Ikiwa ni ya muda mrefu zaidi, au hakuna anayejua ni ya lini, na wengi wetu tunakuwa hapo, ni mara tatu, wiki moja kati ya sindano na sindano. Chagua siku ambayo hutasahau. Kwenye zahanati ya mwisho niliyofanya kazi tulikuwa tunasema Jumatatu tatu. Ukikosa siku, njoo kesho yake, usiseme nitaunga wiki ijayo. Ukichelewa sana tunalazimika kuanza upya.

Kabla ya sindano sema ukweli kama penisilini imewahi kukufanya uvimbe uso, ushindwe kupumua au upate vipele ghafla. Baada ya sindano kaa nusu saa hapo kituoni. Aleji kali hutokea kwa nadra, lakini ikitokea inatokea haraka, na dawa yake iko kwa nesi, haiko njiani.

Usiku wa kwanza unaweza kupata homa, baridi, kichwa na mwili kuuma. Wengi hudhani dawa imewakataa. Ni wadudu wanaokufa kwa wingi na mwili unapambana na mabaki yao. Hali hiyo huisha ndani ya siku moja. Kunywa maji na parasetamoli. Lakini mjamzito akisikia tumbo linakaza kwa vipindi au mtoto amepunguza kucheza, arudi kituoni saa hiyohiyo, hata usiku. Usikatae sindano kwa ajili ya hofu hii, maana mtoto yumo hatarini zaidi bila dawa.

Sasa niseme kuhusu duka la dawa. Kuna watu wanapewa PPF, sindano ya kila siku, moja au mbili, wakaambiwa wamepona. PPF nayo ni penisilini, lakini haikai. Wengine wanapewa amoksilini au vidonge vya mkojo mchafu. Ukikumbuka mdudu anayejigawa kila saa 30 utaelewa kwa nini benzathini inahitajika: inayeyuka polepole kutoka kwenye msuli wiki mbili tatu, inamkuta kila anapotaka kuzaana. Na pamoja na miaka yote hii tangu penisilini ianze kuponya kaswende mwaka 1943, mdudu huyu hajawahi kuizoea. Kisonono kimezishinda dawa nyingi. Kaswende bado inaanguka kwa dawa ileile. Ni zawadi kubwa, tusiipoteze kwa kubahatisha.

Mwenye aleji ya kweli ambaye si mjamzito hupewa doksisaiklini siku 14, au siku 28 hadi 30 kwa kaswende ya muda mrefu. Mjamzito hapana. Doksisaiklini haimfai, na erithromaisini au azithromaisini zinaweza kumsaidia yeye lakini hazipiti vizuri kwenye kondo kumfikia mtoto. Huyo anapelekwa hospitali, ambako wanaweza kumzoesha penisilini kidogokidogo chini ya uangalizi, na akitibiwa kwa dawa nyingine, mtoto wake ahesabiwe kuwa hajatibiwa.

Kuanzia 2014 hadi 2016 nchi nyingi duniani zilipungukiwa benzathini. Nilishuhudia mama anarudishwa nyumbani. Ikitokea hivyo kwako, omba rufaa, na umkumbushe nesi kwamba kwa uhaba mjamzito ndiye wa kwanza kupewa.

Kumleta baba

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nilipokosea mara nyingi kabla sijajifunza. Kumchoma mama peke yake ni kufagia ukumbi huku upepo unaingiza mchanga mlangoni. Kuugua kaswende hakukupi kinga. Atapona Jumatatu ya tatu, ataambukizwa tena mwezi ujao, na mtoto yumo tumboni.

Kwanza uelewe kitu ambacho kitaokoa ndoa: kipimo hakisemi nani alimpa nani, wala lini. Kaswende inaweza kukaa kimya kwa mtu miaka mingi. Inaweza kuwa ilikuja na mmoja wenu kabla hamjajuana. Nimekaa na wanandoa wakitazamana kwa macho ya kisu, na sentensi hiyo moja ikawarudisha kwenye viti vyao.

Usimwambie kwa simu, usimwambie mbele ya wifi au mama mkwe, usimwambie akiwa amelewa. Mtafutie saa ambayo ametulia na ameshakula. Maneno niliyowafundisha akina mama ni haya, yabadilishe yakae mdomoni mwako: "Baba nanihii, leo kliniki wamenipima, wameona kaswende kwenye damu. Inatibika kwa sindano. Nesi amesema tukichomwa wote wawili mtoto atakuwa salama. Amesema twende Jumatatu." Hakuna "umeniletea". Hakuna "unatoka". Mtoto atangulie, lawama zingoje, na mara nyingi zikingoja zinapoa.

Kama unaogopa atakupiga, usiseme nyumbani. Mwambie nesi waziwazi kwamba unaogopa. Tunaweza kumwita sisi, kwa karatasi ya mwito isiyotaja ugonjwa, kwamba baba anahitajika kliniki kupimwa damu kwa ajili ya ujauzito, na tukamwelezea pale mbele yetu. Mimi nilikuwa naanza na shinikizo la damu na uzito. "Shemeji, karibu, kaa hapa." Mwanamume akishapimwa shinikizo, akaambiwa liko vizuri, anatoa kidole bila ubishi.

Kwetu ziwani tatizo lilikuwa kuwapata. Mvuvi wa dagaa yuko majini usiku kucha, asubuhi analala, wiki inayofuata amehamia kambi nyingine kisiwani. Nilihangaika na karatasi za mwito mwaka mzima mpaka mzee mmoja wa mwalo akaniuliza, "Nesi, kwani wewe hutazami mwezi?" Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki. Siku hizo mitumbwi inakaa nchi kavu, watu wanashona nyavu. Tangu siku hiyo nikawa napanga sindano za akina baba kwa kalenda ya mwezi, na wakaja. Mume wako ana mbalamwezi yake pia, awe dereva wa lori, mchimbaji au fundi. Itafute, mwambie nesi, atapanga.

Baba aliyelala nawe katika siku 90 zilizopita anachomwa hata kipimo chake kisipoonyesha kitu, kwa sababu anaweza kuwa kwenye zile wiki ambazo damu bado haijaonyesha. Kama kuna mke mwingine, naye apimwe. Najua ni mazungumzo magumu kwa bwana huyo, lakini mimba ya bi mdogo na mimba ya bi mkubwa zinapita kwenye hatari moja. Na mpaka wote mmemaliza sindano, siku 7 zimepita na vidonda vyote vimekauka, acheni kujamiiana. Kondomu husaidia, ila haifuniki kidonda kilicho nje ya sehemu inayofunikwa.

Niseme pia: VVU hupita kwa urahisi mahali penye kidonda. Wilaya za Mwanza zilionyesha hilo dunia nzima. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 1995, vijiji ambavyo zahanati zake ziliboresha matibabu ya magonjwa ya ngono vilipata maambukizi mapya ya VVU pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko vingine. Waliofanya kazi ile ngumu walikuwa wahudumu wa zahanati za kawaida.

Mtoto akizaliwa

Siku ya kujifungua, toa kadi na useme mwenyewe: "Nilikuwa na kaswende, nilichomwa tarehe fulani, sindano ngapi, na mume alichomwa." Usitegemee kwamba wameona. Kinachoangaliwa ni kama ulichomwa benzathini, dozi kamili, na ya kwanza ilikuwa angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Ikiwa ndivyo, na mtoto ni mzima, atafuatiliwa kwa karibu. Ikiwa ulichelewa, au hukumaliza, au ulipewa dawa nyingine, mtoto anahitaji penisilini yake mwenyewe, sindano za siku 10 au zaidi, hata kama amezaliwa mnene na analia vizuri. Watoto wengi wenye kaswende huzaliwa hawana alama yoyote.

Ukiwa nyumbani mtazame: mafua yasiyokoma ya majimaji mazito au yenye damu, ngozi ya viganja na nyayo kuvuka au kutoa malengelenge, tumbo kuvimba, macho ya njano yasiyoisha, mkono au mguu asiotaka kuusogeza kwa maumivu, uzito usiopanda. Kimoja tu kinatosha kumrudisha. Wauguzi wenzangu, tafadhali vaeni glavu mnapomshika mtoto wa namna hii; majimaji ya pua yake yana wadudu.

Usishtuke wakimpima kwa kipimo cha haraka kikaonyesha mstari. Askari wa mama hupita kwa mtoto na wanaweza kukaa mpaka miezi 18. Kwa hiyo kwa kichanga kinachofaa ni RPR: ikilinganishwa na ya mama, halafu ikirudiwa. Isiyo ya ugonjwa hushuka kufikia miezi 3 na kupotea kufikia miezi 6. Fuatanisha tarehe hizo na chanjo zake ili usilipe nauli mara mbili.

Kadi yako ya RCH 4 usiiache wodini wala usiwape watoto wachezee. Iweke kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya mtoto, tarehe za sindano zikiwa zimeandikwa na kusainiwa, na namba ya RPR pembeni. Mimba ijayo utaanza kliniki kwa kuitoa hiyo.